Kocha wa Nyumba Kumi na Moja

Kosa, kama ni kosa, lilikuwa langu, na nitalisema mwenyewe kabla hajanisemea mtu. Fomu ya ligi ilikuwa na nafasi ya majina ya wachezaji. Mimi Roselyne, katibu wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, wa Kyeni hapa Matinyani kwa miaka ishirini na mmoja, nikaandika: Nyumba ya Kyule, Nyumba ya Kanini, Nyumba ya Kavata, mpaka zikatimia kumi na moja. Hivyo ndivyo nimejaza fomu zote maishani mwangu. Mwethya ukichimba mitaro ya kuzuia udongo usichukuliwe na maji, au ukijenga bwawa la mchanga, kila nyumba hutoa mtu mmoja na jembe moja. Mwenye zamu akiugua au akisafiri, anatuma mwingine wa nyumba hiyo hiyo, na hakuna anayeuliza. Kazi haimjui mtu, inaijua nyumba.

Vijana walitaka timu, na ligi ilitaka kikundi chenye cheti cha usajili. Cheti tulikuwa nacho sisi. Tukawaazima, na pamoja na cheti wakaichukua katiba yetu, kwa sababu vitu hivyo haviachani. Penye nafasi ya picha nilibandika picha za familia zilizopigwa Krismasi, watu sita au saba kwenye kadi moja, wengine wamebeba watoto. Ofisi ya ligi ikagonga muhuri. Muhuri ukishagongwa, nani ana nguvu ya kubishana?

Ndipo Evanson Ndeti akarudi kwao na goti moja zima.

Ndeti ni mtoto wa pekee wa Kavata, mjane, jirani yangu wa ng'ambo ya mto. Alicheza mpira wa kulipwa misimu kumi na mitatu, winga wa kushoto, mingi Nairobi na mmoja Zambia. Timu ya taifa ilimwita mara mbili, na mara zote mbili alikaa kwenye benchi na kurudi na jezi safi. Kisha goti likakatika kitu ndani, daktari akamwambia kwamba kutembea ataweza. Alikuja na begi la nguo, cheti cha ukocha, na koni ishirini za plastiki ambazo mama yake alidhani ni za kufunikia miche.

Alikuwa na miaka thelathini na saba. Watu wa rika lake hapa wana mbaazi, wana mbuzi, wana viti kanisani. Yeye alikuwa na koni.

Siku ya kwanza ya mazoezi aliwaambia watu kwamba anataka wachezaji kumi na mmoja walio bora. Mwenyekiti wetu, Mzee Kyule, akamuuliza bora kwa nini. Ndeti akasema bora kwa mpira. Mzee Kyule akamweleza kwa upole, maana alimwona ni mtu aliyekaa mjini sana, kwamba mwethya hauchagui bora, unachukua aliyekuja. Nusu ya waliokuja walikuwa na majembe.

Nitakuwa mkweli: Ndeti alijaribu. Aliifuata katiba kama mtu anayevuka mto kwa mawe, akipima kila hatua. Katiba inasema kazi inaanza kwa maombi, basi mechi ikaanza kwa maombi. Katiba inasema kumbukumbu zisomwe, basi kila wakati wa mapumziko nilisimama na daftari langu nikasoma kumbukumbu za kipindi cha kwanza, mmoja akapendekeza zithibitishwe, mwingine akaunga mkono, na kocha akabakiwa na dakika mbili za kueleza mbinu. Kulikuwa na mama mmoja aliyetaka kila bao tulilofungwa liandikwe "lilidaiwa kuingia".

Kule Makindu mshambuliaji wetu Kasyoki alipewa kadi nyekundu kwa kumtusi refa. Alipotoka, dada yake Syombua akavua sweta akaingia. Refa akapiga filimbi mpaka mashavu yakachoka. Mzee Kyule akaingia uwanjani na katiba mkononi, akaeleza kwamba aliyetusi ni Kasyoki, si nyumba, na nyumba bado ina deni la kazi. Refa akaitazama kadi ya picha. Syombua alikuwemo kwenye picha, wa tatu kutoka kushoto, ameshika keki. Muhuri ulikuwepo. Syombua alifunga bao dakika ya themanini, na mpaka leo timu ya Makindu hawatusalimii vizuri.

Lakini lililomuumiza Ndeti ni jambo jingine. Mwethya una sheria moja kali: mtu akisimama mikono kiunoni wenzake wakichimba, anatozwa kuku. Ndeti alikuwa anasimama. Kazi ya kocha ni kusimama, kutazama, na kupaza sauti mara kwa mara. Wiki ya kwanza mama yake alipoteza jogoo na mtetea. Ndeti akaleta jambo hilo mkutanoni, akaomba iandikwe kwamba ukocha ni kazi. Mzee Kyule akafikiri, akasoma Wathesalonike, asiyefanya kazi na asile, kisha akatoa uamuzi: kocha anaruhusiwa kusimama bila kutozwa, lakini kusimama si kazi. Kwa hiyo nyumba ya Kavata bado haijatoa mtu.

Goti halikumruhusu Ndeti kukimbia hata hatua ishirini. Nyumba ile ina watu wawili. Jumatatu iliyofuata Kavata, mwenye miaka sitini na sita, alifika uwanjani amefunga leso juu ya sketi, miguuni raba za mwanawe zilizojazwa vitambaa, akauliza asimame wapi.

Ndeti alimweka beki wa kulia. Nilimwona akimwonyesha mama yake jinsi ya kuziba njia, akimgusa mabega kwa vidole viwili kama anayeshika chungu cha watu. Kavata alisikiliza kwa heshima yote. Hakuwahi kumwona mwanawe akicheza. Mechi zilikuwa Nairobi, na msimu wa ligi ulikuwa unaishia Novemba, na Novemba ni mvua. Mwaka baada ya mwaka, mvua ilipoanguka, Ndeti alikuwa uwanjani kule na Kavata alikuwa shambani huku, peke yake, redio imening'inizwa kwenye mti wa mwarobaini. Na kusema kweli hakuwa beki mbaya. Hakukimbia, ila pia hakusogea, na mawinga wengi hawajui la kufanya na mtu asiyesogea.

Agosti tulikuwa wa pili kutoka mkia. Kamati ikakaa ikaamua: tukishuka daraja, cheti kirudi kwenye mitaro na timu ivunjwe. Siku ile Ndeti alipita dukani kwangu, mahali ninaposhonea. Alikaa juu ya gunia la vitambaa akakunja goti taratibu.

"Auntie," akasema, "mimi sijui kufanya kitu ingine. Hii ikiisha, watu watasema Ndeti alikuwa nani?"

Nilimpa chai. Niliumia, kwa sababu nilijua wengi walikuwa wameshaanza kusema.

Mechi ya mwisho ilikuwa Mutomo, Jumamosi ya pili ya Novemba. Sare au kushindwa tungeshuka, ushindi tungebaki. Ndeti alikuwa na kikosi kizuri tayari: Kasyoki, vijana wawili wa sekondari wenye mbio, na kipa mrefu anayeuza simu Kitui mjini. Alikuwa ameongea na kila nyumba, mlango kwa mlango, mpaka ikakubali kutoa mtu wake mwenye nguvu zaidi.

Alhamisi alfajiri mvua ikanyesha.

Asiyetoka Ukambani hataelewa, basi nitamwambia. Mvua ya kwanza hapa ni moja. Mbegu ikiikosa, hupati nyingine ya kuifidia, na mahindi yako yatakuja kufika kiunoni wakati ya wenzako yanabeba. Mvua ikinyesha, harusi inasogezwa. Maiti inangoja. Ijumaa kila nyumba yenye jembe ilikuwa shambani, na Ndeti alikuwa uwanjani akiita mazoezi ya mwisho. Alihudhuria mtu mmoja tu, mama yake. Walifanya mazoezi saa mbili nzima, yeye akirusha mpira, Kavata akiurudisha kwa mguu.

Jumamosi lori la mchanga lilipokuja kutuchukua, nyumba hazikuvunja ahadi. Zilituma watu. Zilituma wale ambao shamba halikuwahitaji. Mzee Kyule alikuja mwenyewe, kwa sababu mgongo wake hauinami. Nyumba ya Kasyoki ilituma shangazi mwenye pumu. Kanini, ambaye mkono wake ulikuwa kwenye plasta, alijileta. Nyumba ya yule muuza simu ilikuwa na mgeni, Kiragu, mkwe wao kutoka Murang'a, aliyekuja kusalimia tangu Jumatano. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulimpa glavu.

Ndeti alisimama nyuma ya lori akitazama kila anayepanda. Alihesabu hadi kumi na mmoja.

Mutomo kulikuwa kukavu. Vumbi, mbuzi pembeni ya uwanja, mbingu nyeupe. Wenzetu walikuwa vijana watupu, wameiva. Dakika ya nne wakafunga, ya kumi wakafunga, ya kumi na nane wakafunga. Yote matatu yalifungwa na mtu mmoja, Muthama, na yote matatu yalipita kwa Kanini, beki wetu wa kati. Kila Muthama alipokuja na mpira, Kanini alijifunika uso kwa leso, akageuka, akampisha. Kijana naye alifunga akiwa ameinamisha kichwa, bila kushangilia.

Ndeti akamwita Kanini kando kumuuliza kama ni mkono unaouma. Kanini akasema mkono hauna neno. Muthama ni mume wa binti yake. Wewe ni Mkamba, akamkumbusha, unajua mama mkwe hakutani uso kwa uso na mkwe wake. Aibu hiyo nani ataibeba?

Kisha nikaona uso wake ukibadilika, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba mtu huyu alikuwa anaijua kazi yake kweli.

"Na yeye pia lazima akukwepe wewe," akasema. "Si ndiyo? Basi usitoke mbele yake. Mfuate."

Kanini alizifikiria sana dini na mila. Hatimaye akavuta leso ikafunika uso wote, akaacha mwanya wa jicho moja, akaanza kumfuata Muthama. Akienda kulia, Kanini yuko. Akirudi kati, leso hiyo. Muthama aliutupa mpira alipoupata kama kaa la moto. Kufika dakika ya thelathini alikuwa amesimama nje ya mstari, katikati ya mbuzi, akiomba kocha wake ambadilishe. Lakini kwa mzaha, wakiongoza matatu, walikuwa wameshaingiza wachezaji wote wa akiba. Hatukufungwa tena.

Mapumziko nilisoma kumbukumbu. Mama wa "lilidaiwa" alitaka mabao yote matatu yarekebishwe. Ndeti akasema, kwa heshima, yabaki.

Kipindi cha pili, dakika ya kumi na mbili, upepo ukageuka. Wingu lilitoka upande wa Ikutha, jeusi, chini. Tone la kwanza liliangukia daftari langu. La pili sikuliona, kwa sababu nilikuwa nawatazama vijana wa Mutomo. Nahodha wao aliinua uso. Akakaa chini akavua viatu vya mpira, akavifunga kamba, akaviweka begani. Hakukimbia hata. Alitembea tu kuelekea nyumbani kwao, na nyuma yake wa pili, na wa tatu, na kocha wao. Muthama alikuwa ameshapotelea kwenye mahindi ya mwaka jana. Wanawake waliokuwa wanatazama mechi waliondoka na mbegu zikiwa tayari kwenye leso. Ndani ya dakika tano upande wa pili wa uwanja ulikuwa na kipa wao mmoja, naye alimuuliza refa kama anaweza kwenda.

Refa aliitwa Nthiwa, mtu wa Kitui mjini, hana shamba, anaishi kwenye ghorofa. Yeye peke yake ndiye ambaye hakuona ajabu iko wapi. Alifungua kitabu cha ligi kikalowa, akasoma: timu ikiondoka uwanjani, itangojewa nusu saa. Waliobaki wakiwa saba au zaidi mpaka mwisho, ushindi ni wao. Wakipungua saba, mechi imefutwa na hakuna mwenye pointi. Akatazama saa yake akaanza kungoja.

Nusu saa. Tulikuwa kumi na mmoja.

Ndeti alitembea kutoka kwa mtu hadi kwa mtu kwenye mvua akiwasihi wasimame. Kusimama tu. Hakuna mpira, hakuna adui, simameni. Jamani, sijawahi kuona watu wakiteseka vile. Mashamba ya Mutomo yanapakana na uwanja. Pale pale, hatua thelathini, watu walikuwa wanapanda na sisi tumesimama mikono kiunoni. Shangazi mwenye pumu alivumilia dakika sita, kisha akasema yule mzee wa shamba la jirani anapiga mistari imepinda na hawezi kuangalia. Akaruka ua. Kumi. Kanini alimwona binti yake akipanda na mtoto mgongoni, akaenda kuanzia upande ule ambao Muthama hayupo. Tisa. Mzee Kyule, ambaye mgongo wake hauinami, alikopeshwa jembe na mtu asiyemjua, na mgongo ukainama. Nane. Mama wa "lilidaiwa" akamfuata bila kuaga. Saba.

Zilibaki dakika kumi na moja. Ndeti alikuwa nje ya mstari, shati limemganda mwilini, mikono ameikunja kama anayeomba. Hakuweza kuingia kuongeza idadi. Nyumba yake ilikuwa imeshatoa mtu.

Kiragu, kule golini, alikuwa mtu wa adabu. Aliona kimya kimezidi, akaanza mazungumzo. Akamuuliza aliye karibu naye kama kwao wamemaliza kupanda. Akajibiwa kwamba watoto walimaliza jana. Mwingine akasema mume wake anamalizia leo. Mwingine ndugu zake. Swali likatembea hivyo kutoka mtu hadi mtu mpaka likamfikia Kavata, beki wa kulia. Kavata akajifanya anafunga raba.

Ndeti alisikia. Nilimwona akisikia.

"Mwaitu," akamwita mama yake, "kwetu nani anapanda?"

Kavata akaendelea na kamba za raba. "Kwetu ni mimi na wewe," akasema. "Na sisi wote tuko hapa."

Alhamisi udongo ulikuwa tope. Ijumaa alikuwa mazoezini. Jumamosi alikuwa beki. Kesho yake ni Jumapili, na kanisa letu halimruhusu mtu kushika jembe Jumapili. Jumatatu jua lingekuwa limeshakausha. Yote hayo Ndeti aliyapiga hesabu hapo hapo mbele yetu, na uso wake ukaanguka. Akaingia uwanjani akichechemea, moja kwa moja kwa refa, na sote tulijua anakwenda kumwambia afunge kitabu.

Kavata akamkata njia. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona akisogea kutoka nafasi yake.

"Miaka kumi na tatu nimepanda peke yangu ndio wewe ucheze," akamwambia. "Sasa unataka nirudi na shamba haina mbegu, na timu pia imeshuka? Toka hapa. Rudi kwa laini yako usimame."

Ndeti akarudi akasimama. Alisimama vizuri, kifua mbele, maji yakimtiririka, na kama alilia mvua ilimsitiri. Hakuna aliyetazama tena ua. Nthiwa alipopiga filimbi tulikuwa bado saba, na mimi niliandika dakika.

Tulibaki kwenye ligi. Jumatatu Kavata na Ndeti walipanda, mama akitoboa mashimo, kijana akiweka mbegu, udongo ukiwa tayari mgumu. Baadhi yetu tulikwenda kusaidia lakini mvua haisaidiki ikishapita. Januari mahindi yangu yalikuwa yamenipita kichwa. Ya Kavata yalisimama kiunoni, rangi ya karatasi ya kaki, na ndengu hazikufunga kitu.

Afisa mmoja wa kilimo alipita akikagua mashamba, kijana mpole mwenye kompyuta ndogo. Mzee Kyule ndiye aliyekuwa anamwongoza, nami nilifuata na daftari. Tulipofika kwa Kavata, kijana akatazama pande zote za ua, kijani huku, kijani kule, akauliza kwa heshima kwa nini mama alichelewa kupanda. Alitaka sababu ya kujaza. Mbegu? Ugonjwa? Hakukuwa na mtu wa kufanya kazi?

Kavata alijinyoosha, akapangusa mikono kwenye leso. Alimjibu kijana, lakini alikuwa anamtazama Mzee Kyule.

"Siku mvua ilinyesha," akasema, "kijana yangu alikuwa kazini."

Afisa akaandika. Mzee Kyule akatazama viatu vyake. Ndeti alikuwa nyuma ya nyumba, akishona nyavu za goli, na dirisha lilikuwa wazi. Mikono yake ilisimama. Alikaa huko mpaka tukaaga, na nilipopita kumsalimia nilikuta amefunga fundo moja mara tano.